Friji la mtumba "A+" linamaliza LUKU siku tano: kosa ni la friji, joto la Dar au mita?

#1 Mwana wa Segerea
Habari wanajamvi. Naomba msaada, jambo hili linaninyima usingizi.

Mwezi uliopita friji letu dogo la mlango mmoja liliungua kompresa. Tumekaa nalo miaka saba. Nikaingia mtaani na laki nne, nikapata la mtumba kutoka Ulaya, kubwa, milango miwili, nikaachiwa kwa 380,000. Mlangoni lilikuwa na stika ya mistari ya kijani imeandikwa A+, na chini yake 270 kWh, yaani uniti, kwa mwaka. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hili linakunywa umeme kwa kijiko." Nikapiga hesabu palepale: 270 gawanya kwa siku 365, ni uniti 0.74 kwa siku. Nikaridhika, nikalipa.

Sasa zamani LUKU ya elfu kumi, yaani uniti 28, tulikaa nayo siku tisa. Tangu hili liingie, uniti 28 zinakata siku ya tano, zikijitahidi sana tano na nusu. Vitu vingine ndani ni vilevile: panga boi mbili, runinga na king'amuzi, taa saba za LED, pasi mara mbili kwa wiki. Kupika tunapikia gesi.

Mama watoto anataka lirudishwe. Mimi nilinunua kwa nia njema kabisa, nilitaka kitu kisichokula umeme na kisichochafua mazingira, na stika niliisoma. Stika inadanganya, friji ni bovu, au LUKU ina yake? Na nikitaka kununua jingine, naangalia nini hasa?

#2 Kijana wa Sinza
Rudisha kesho asubuhi mkuu, kabla muuzaji hajahama kijiwe.

#3 Kokotoa
Kwanza tuitoe bei kwenye lawama. Elfu kumi kwa uniti 28 maana yake uko T1, tarifa ya matumizi ya kawaida: Sh 292 kwa uniti, ongeza VAT 18%, na tozo za REA 3% na EWURA 1%, inafika kama 356. Kama zamani pia ulikuwa unapata 28, basi tarifa haijabadilika. Kilichobadilika ni matumizi.

Ulikuwa unatumia uniti 3.1 kwa siku, sasa unatumia 5.3. Nyongeza ni 2.2 kwa siku, 66 kwa mwezi, sawa na Sh 23,500. Kwa mwaka ni kama 282,000. Kwa mwendo huo, ndani ya mwaka mmoja na miezi minne utakuwa umeinunua bei ya friji hilo mara ya pili, na safari hii umeinunua kwa LUKU. Bei ya dukani ni nusu tu ya bei ya friji, watu wengi hatuioni hiyo nusu ya pili.

#4 Bi Mkubwa wa Mbagala
Kwa sisi wa D1, tarifa ya matumizi madogo, ni hatari zaidi ya hapo. Mimi buku napata uniti 8.2 kwa sababu nipo chini ya uniti 75 kwa mwezi, ambapo uniti ni Sh 100 kabla ya kodi na tozo. Ukizidisha 75, kila uniti inayofuata ni 350. Uniti 75 gawanya kwa siku 30 ni mbili na nusu kwa siku, na humo ndani kuna taa, feni, simu na runinga. Friji likila mbili peke yake nimekwisha. Ndiyo maana nilinunua dogo, jipya, lita 90, wakati wanangu wananisukuma nichukue la milango miwili la mtumba. Lile dogo linatosha nyanya, samaki wa siku mbili na maji ya kunywa. Mwanangu, uliza kwanza friji lako lina kazi gani kabla hujauliza lina A ngapi.

#5 Fundi Baridi
Nafanya kazi ya mafriji na AC mwaka wa kumi na nne sasa. Mleta mada, usirudishe kwanza. Fungua mlango wa chini, angalia ukutani upande wa kushoto karibu na droo ya mboga, kuna kibati au stika ndogo. Tusomee vitu viwili: aina ya gesi, na herufi za hali ya hewa. Utakuta SN, N, ST au T.

Watu wanasoma stika kubwa ya mlangoni, hii ndogo hakuna anayeisoma, na kwa Dar hii ndogo ndiyo yenye maneno. SN imeundwa kwa chumba chenye nyuzi 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST ni 16 hadi 38. T ni 16 hadi 43. Nyumba ya bati Segerea mwezi wa pili, jikoni saa nane mchana, mnajua wenyewe nyuzi zinafika ngapi. Friji la N hapo halipati pumzi, kompresa inakimbia mchana kutwa.

#6 Mwana wa Segerea
Ahsante fundi. Nimeinama na tochi ya simu. Imeandikwa N. Gesi R134a, gramu 130. Na kwa kuwa umegusa jikoni: ndipo lilipo, katikati ya ukuta na jiko la gesi.

#7 Mwalimu wa Fizikia
Niongeze na nisahihishe kidogo. Stika haikudanganya, ila ilikuwa inazungumzia nyumba nyingine. Zile lebo za zamani za Ulaya zilipimwa chumba kikiwa nyuzi 25, mlango umefungwa, hakuna mtoto anayefungua kila dakika kutafuta maji. Joto huingia kwenye friji kwa kadiri ya tofauti kati ya nje na ndani. Ndani ni nyuzi 4. Nje 25 tofauti ni 21, nje 32 tofauti ni 28. Hapo tayari umeongeza theluthi ya joto linaloingia, na wakati huohuo kompresa yenyewe inapata shida zaidi kulitoa. Kwa hiyo 0.74 ya Ulaya kwako ingekuwa 1.1 au 1.2 hata kama friji ni zima kabisa.

Halafu A+ isikubabaishe. Kwenye mfumo ule wa zamani juu yake kulikuwa na A++ na A+++. Machi 2021 Ulaya waliufuta kwa mafriji, wakarudi A mpaka G, na vipimo vikawa vikali zaidi. Friji jipya lenye E au F leo linaweza kuwa bora kuliko A+ ya zamani. Ukiona alama za kujumlisha kwenye lebo ya friji, jua limetengenezwa kabla ya mabadiliko hayo.

#8 Muuza Duka K'koo
Tusiwalaumu wauzaji wote, wengine tunawaelimisha wateja na hawataki kusikia. Kuna lebo za Kichina za bluu na nyeupe zenye namba 1 hadi 5. Kule namba 1 ndiyo inayokula kidogo kuliko zote, 5 ndiyo ya mwisho. Mteja anakuja amezoea nyota, ambapo nyingi ndiyo nzuri kama kwenye lebo za Kenya na Ghana, anakuta 1 na 4, anachukua 4. Namwambia, ananiona namtafutia hasara. Someni kWh: zikiwa za mwaka, gawanyeni kwa 365; za Kichina huandikwa tayari kwa saa 24. Namba hiyo haina lugha.

#9 Dada wa Kigamboni
#8 umenigusa pabaya. Mwaka jana duka moja (si lako) nilipewa nichague mbili za bei ileile, nikaiacha yenye 1 nikachukua yenye 4, na muuzaji akanipongeza. Hakuna aliyenieleza. Nimeumia kweli.

#10 Kijana wa Sinza
Pole dada. Huyo aliyekupongeza ndiye niliyemwambia mleta mada amuwahi.

#11 Fundi Baridi
Mleta mada, N nimeiona, lakini sitaki tuishie hapo maana nina mashaka matatu.

La kwanza ni mpira wa mlango. Chukua noti ya elfu moja, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, halafu ivute. Ikikaza, mpira mzima. Ikitoka kama unaitoa mfukoni, hapo ndipo baridi inavuja. Zungusha mlango mzima, juu, chini, pembeni, hasa upande wa bawaba. La pili ni mahali. Jiko la gesi ubavuni kwa friji ni kama kukaa na koti la manyoya juani. Lisogeze, liache nafasi ya kiganja kati ya mgongo wake na ukuta. La tatu ni gesi kupungua au kujazwa vibaya. Mafriji mengi ya mtumba yameshafunguliwa hapahapa mjini kabla hayajafika kwako. Angalia mrija wa kujazia kwenye kompresa: ukikuta umechomewa upya na weusi wa moto bado upo, kuna fundi kapita.

#12 Mama Barafu
Mimi nauza barafu za ukwaju na ubuyu, na maji ya chupa, shule iko mbele ya nyumba. Friza ndiyo ofisi yangu. La kwanza nilinunua mtumba, lile la kusimama lenye mlango kama kabati. Kila mtoto akifungua, ubaridi unamwagika miguuni, unausikia kabisa kwenye vidole. Barafu iliganda ukutani nene kama kidole gumba, nikawa naikwangua na mwiko. Lilikuwa linakula uniti nne kwa siku, maana nilikuwa naandika daftarini kabla ya kulala na asubuhi.

Nikakopa kwenye kikoba, nikanunua jipya la kulala, la kufungulia juu, gesi R600a. Ubaridi unabaki chini hata mfuniko ukiwa wazi. Sasa ni uniti 1.7 kwa siku, na mzigo ni uleule. Mkopo niliumaliza kwa miezi minane, na sehemu kubwa ililipwa na ile LUKU niliyokuwa naichoma. Na kitu kingine: lijaze. Usiku nikibakiwa na nafasi naweka chupa za maji. Umeme ukikatika, zile chupa zinashikilia baridi mpaka urudi.

#13 Kokotoa
Mama Barafu, hilo daftari lako linazidi lebo zote zilizotajwa humu. Uniti 2.3 kwa siku ulizookoa ni karibu Sh 24,500 kwa mwezi.

#14 Jirani Mwema
Nyie mna LUKU zenu. Sisi tuko wapangaji watano mita moja. Mwenye friji anasema friji linakula kidogo kuliko pasi yangu. Mwenye pasi anasema anapiga nguo dakika ishirini tu. Kila elfu kumi ikiisha ni kikao. Kwa haki mwenye friji achangie kiasi gani?

#15 Bi Mkubwa wa Mbagala
Fungeni mita ndogo kila chumba, maneno yote yataisha. Kwangu wapangaji wote wana zao, sijasikia ugomvi wa umeme tangu hapo.

#16 Kokotoa
#14, pasi ya wati 1,000 kwa dakika ishirini ni theluthi ya uniti, na hata hiyo inawaka na kuzima. Friji halilali. Zima la wastani halipungui uniti moja kwa siku kwa joto letu. Kwa hiyo mwenye pasi ana hoja, isipokuwa kama anapiga sare za watoto wanne kila asubuhi.

#17 Mzee wa Vingunguti
Vijana, nawasoma tangu mwanzo. Mleta mada anasema alitaka kulinda mazingira. Umeme wetu siku hizi ni wa maji, Bwawa la Nyerere linatoa megawati 2,115. Maji ya Rufiji hayana moshi. Kuokoa uniti mbili kunasaidia mfuko wako, hilo nakubali, lakini mazingira yanapata nini?

#18 Kokotoa
Shikamoo mzee. Mitambo ni tisa, kila mmoja megawati 235, na 2,115 ndiyo jumla yake yote ikiwaka pamoja. Lakini bado tuna mitambo ya gesi asilia, Kinyerezi na Ubungo, na gesi hiyo inachomwa. Na mwishoni mwa 2023 tulikuwa kwenye mgao hapa hapa. Bwawa hutegemea mvua. Uniti isiyotumika Segerea haipotei, kuna mtu anaitumia.

#19 Fundi Baridi
Mzee, shikamoo. Mazingira ya friji hayako kwenye waya peke yake, yako kwenye bomba. R134a haiharibu tabaka la ozoni kama zile gesi za zamani zilizoondolewa na Mkataba wa Montreal wa 1987, lakini kwa kuongeza joto la dunia kilo moja ina nguvu mara 1,430 ya kilo ya hewa ukaa. Gramu 130 za friji la mleta mada zikivuja ni sawa na kilo 186 za hewa ukaa. R600a ya Mama Barafu ni kama mara 3 tu. Ndiyo maana 2016 pale Kigali nchi zilikubaliana kuzipunguza gesi za jamii ya R134a.

Na niseme kinachoniuma katika kazi yetu. Fundi anafika, anakata mrija, gesi inapiga mluzi mpaka inaisha, anajaza nyingine, na kesho jirani vilevile. Wanaonunua vyuma chakavu wanakata mabomba wachukue shaba, hewa yote inaondoka, na lile povu la kuta linachomwa uwanjani moshi mweusi. Unanunua friji jipya rafiki wa mazingira, la zamani unampa kijana wa mkokoteni, na hapo kwenye mkokoteni ndipo uharibifu unapofanyika.

#20 Kijana wa Sinza
Lakini R600a si ndiyo ile inayolipuka? Niliona alama ya pembetatu ya njano yenye moto nyuma ya kompresa, nikaacha kununua.

#21 Fundi Baridi
Inawaka, ndiyo, ni ndugu wa gesi ya kupikia. Lakini friji la nyumbani lina gramu 40, 60, mara nyingi hazifiki 100. Jikoni kwako una mtungi wa kilo 6 au 15. Hatari iko kwa fundi anayechomelea bomba kabla hajalisafisha gesi yote. Na hatari nyingine ni kujaza R134a kwenye friji la R600a kwa sababu "ndiyo niliyonayo kwenye begi". Kompresa ya R600a imeundwa kwa gesi yake na kwa mafuta yake, R134a inataka mafuta ya aina nyingine kabisa. Litapoa wiki mbili, litakula umeme, halafu litakufa. Mwambie fundi akuonyeshe chupa kabla hajaunga.

#22 Dada wa Kigamboni
Na hizi za inveta je? Nimechoka kukosea, nataka kununua AC ya chumba cha watoto.

#23 Mwalimu wa Fizikia
Kompresa ya kawaida inajua mambo mawili, kukimbia kwa nguvu zote au kusimama. Ya inveta inapunguza mwendo chumba kikishapoa, kama dereva anayeachia mafuta taratibu badala ya kukanyaga na kufunga breki kila mara. Kwa AC inayowaka usiku kucha faida ni kubwa. Chagua 9,000 BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) kama chumba ni kidogo, iweke nyuzi 25 au 26, na panga boi lizunguke taratibu. Anayeweka 16 chumba hakipoi haraka zaidi, kompresa haisimami tu. Na uulize gesi: kwa kuongeza joto la dunia R32 ni mara 675 ya hewa ukaa, R410A ni mara 2,088.

#24 Kijana wa Sinza
Mimi inveta siipendi. Umeme ulipanda usiku, kadi ya umeme ya ndani ikaungua, fundi akaniambia 280,000. Nilichookoa mwaka mzima kilikwenda siku moja. Huku kwetu ya kawaida inavumilia.

#25 Mzee wa Vingunguti
Hapo ndipo na mimi nilitaka kufika. Kwa mleta mada tatizo linaweza kuwa umeme mdogo. Kwangu saa mbili usiku taa zinafifia, nimepima nikakuta volti 180. Kompresa inanguruma haiondoki, inapata moto. Nilifunga kilinzi cha friji, chini ya 190 kinakata. Tangu hapo nimepumzika.

#26 Fundi Baridi
Mzee, kilinzi kinaokoa kompresa isiungue. Kwenye LUKU hakikupunguzii. Kijana wa Sinza, na wewe ungekuwa na kilinzi, kadi ingekuwepo.

#27 Mwalimu wa Fizikia
Tunabishana gizani wakati mita inaweza kusema. Mwana wa Segerea, kwenye mita yako kuna kitaa chekundu kinachokonyeza, na pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Zima kila kitu, bakiza friji. Hesabu sekunde kati ya konyezo moja na jingine. Kama ni 1000, chukua 3,600 gawanya kwa sekunde ulizopata. Kama ni 1600, chukua 2,250. Jibu ni wati zinazotumika dakika hiyo. Mita ikiwa juu ya nguzo, andika uniti za kwenye rimoti ya LUKU kabla ya kulala na ukiamka.

#28 Bi Mkubwa wa Mbagala
Mkimpimia friji, mpimieni na panga boi. Siku hizi yapo ya wati 30 na yanapepea vizuri, haya tuliyozoea ni 70. Usiku mzima, mapanga mawili, si haba.

Na kwa wanaoogopa kupikia umeme: maharage yangu nusu kilo kwenye jiko la presha la umeme hayafiki hata nusu uniti, maana likishapanda presha linajizima na kujiwasha lenyewe. Mkaa siku hizi nanunua kwa ajili ya kuchoma samaki tu.

#29 Jirani Mwema
Bi Mkubwa, hilo jiko la koili niliambiwa nalo ni zuri, la wati 2,000.

#30 Bi Mkubwa wa Mbagala
Mwanangu, kwa wapangaji watano mita moja? Usiliingize humo ndani. Na yale majiko bapa ya indaksheni, jaribu sufuria yako na sumaku kwanza. Isiposhika, kama hizi zetu za alumini, halitawaka.

#31 Mwana wa Segerea
Samahani kwa ukimya, nilikuwa kwenye vipimo. Mita yangu iko barazani, 1600 imp/kWh.

Friji peke yake: konyezo kila sekunde 15, yaani wati 150. Nilikaa na kiti kuanzia saa tatu na dakika kumi usiku, lilikimbia mpaka saa nne kamili halijasimama, likapumzika dakika kumi, likaanza tena. Usiku huo, saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi, zilikwenda uniti 1.12.

Noti ya elfu moja upande wa bawaba chini ilitoka bila kushikwa. Mpira ulikuwa mgumu, una ukungu mweusi. Mke wangu aliuosha kwa maji ya moto na sabuni, akaupaka mafuta ya kupikia kidogo, ukalainika. Nimelihamishia sebuleni mbali na jiko, kiganja kimoja na nusu kutoka ukutani. Kitufe cha baridi kilikuwa 6, nimeshusha 3. Usiku uliofuata, saa zilezile: 0.86.

Lakini kuna jambo jipya. Nilipochomoa friji kabisa, na runinga, na king'amuzi, kila kitu, kitaa bado kinakonyeza. Taratibu sana, kila sekunde 150.

#32 Kokotoa
Sekunde 150 ni wati 15. Kwa siku uniti 0.36, kwa mwezi karibu 11, yaani kama Sh 3,850. Ukiitoa hiyo, friji limeshuka kutoka uniti 3 kwa siku mpaka 2.2. Bado ni mara tatu ya stika.

#33 Fundi Baridi
2.2 bado ni nyingi. Mimi nasema gesi imepungua. Friji zima halikimbii dakika hamsini usiku.

#34 Mwalimu wa Fizikia
Fundi, zile dakika hamsini zilikuwa kabla mpira haujaoshwa na kitufe kikiwa 6. Ni friji kubwa, la zamani, la daraja N, kwenye joto hili na mlango unaofunguliwa. Sioni ajabu kubwa kwenye 2.2. Apime mchana pia kabla hujamkatia mrija.

#35 Fundi Baridi
Sikati mrija bila kupima, mwalimu. Ila naomba ashike bomba za nyuma zikiwa zinakimbia. Zikiwa vuguvugu tu na si za moto, tutarudi kwenye hoja yangu ya gesi.

#36 Jirani Mwema
Hizo wati 15 ni balbu ya mtu. Naijua hiyo.

#37 Mwana wa Segerea
Leo saa kumi na moja alfajiri nimezima swichi kuu ya ndani. Kitaa kimeendelea kukonyeza. Nimefuata waya kwa tochi: kutoka kwenye mita kuna mmoja mweusi mwembamba unaopita juu ya ukuta, unaingia darini kuelekea upande wa uani, ambako mimi sina kitu. Fundi wa umeme anakuja Jumamosi kupanda. Bomba za friji nimezishika pia, za juu ni za moto, za chini vuguvugu. Nitaleta vipimo vya mchana.

#38 Fundi Baridi
Piga picha mrija wa kujazia kabla ya Jumamosi, utume humu.

#39 Mama Barafu
Na usilirudishe bado, baba. Andika kwenye daftari.